Mashahidi Kumi na Mmoja

Mama Guyo alizikwa siku ya Ijumaa, na mimi nilifika makaburini watu wakiwa tayari wanakung'uta vumbi mikononi, kwa sababu goti langu siku hizi ndilo linaloamua mwendo. Kesho yake binti yangu Kendi alifika kutoka Rapsu, anakosimamia mifereji ya kumwagilia mashamba, viatu vikiwa bado na matope ya huko. Tulikwenda pamoja kutoa pole. Wanaume walikuwa wameketi chini ya turubai nje ya lango, wanawake wako ndani ya ua, na nilitarajia Kendi anipite aingie kwa wanawake wenzake. Hakuingia. Aliketi kando yangu kwenye benchi, shuka kichwani, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Nikamwambia, "Ingia, mami. Hapa ni kwa wazee." Akanijibu polepole, macho yakiwa chini: "Siwezi kuingia, Baba. Mimi ndiye nilimsingizia kwamba alinipiga. Kila mwaka nilisema nitakwenda kumwomba msamaha, na kila mwaka nikaogopa." Ana miaka thelathini na sita. Siku hiyo anayoisema alikuwa na mitano. Chai ilinipoa mkononi, kwa sababu kosa alilolibeba miaka yote hiyo halikuwa lake. Lilikuwa langu, na nilidhani nimekwisha kulilipa.

Mwaka huo tulikuwa tunakaa Bulla Pesa, mjini Isiolo, katika ploti ya vyumba vinane vilivyotazamana, mfereji mmoja wa maji katikati na mti wa mwarobaini ambao haukuwa na kivuli cha kutosha watu wote. Chumba chetu kilikuwa cha tatu kutoka langoni. Kitanda, pazia la maua, meza niliyoipigilia misumari mwenyewe, na ukutani kalenda ya duka la mbegu. Mke wangu alikuwa akiuza mboga sokoni, na ilimbidi aondoke alfajiri kuyawahi malori ya kabeji kutoka upande wa Meru. Kwa hiyo Kendi alikuwa akishinda kwa jirani yetu wa chumba cha mkabala, Mama Guyo, Mborana mjane aliyeuza maziwa ya ngamia. Chumba chake kilinuka moshi mtamu wa vijiti alivyochomea vibuyu vya maziwa, na mtoto wangu alikuwa akirudi jioni nywele zikinuka moshi huo, tumbo limejaa mikate ya anjera, akisema maneno ya Kiborana ambayo mimi sikuyajua. Alimwita Ayo, yaani mama. Mke wangu alicheka tu. "Mwache awe na mama wawili," alisema, "mmoja wa kabeji na mmoja wa maziwa."

Mimi nilikuwa mtu wa gredi kwenye stoo ya ngozi nje kidogo ya mji. Upepo ukigeuka, Bulla Pesa nzima ilifunga madirisha. Ngozi ikiletwa, niliitandaza, nikaipitishia kiganja, kisha nikaiinua kwenye mwanga na kusema gredi yake. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, lakini kazi hiyo sikufundishwa na mwalimu yeyote, ilinifundisha mikono. Nilijua alama ya kupe na alama ya mwiba. Nilijua kisu cha mchinjaji mwenye haraka. Zaidi ya yote nilijua fimbo. Mnyama aliyepigwa sana njiani, damu humvuja chini ya ngozi ikakaa humo, ikawa doa jeusi lisilotoka hata kwa chumvi. Wenye mali walikuja juu, wakaapa kwamba ng'ombe hakuguswa, nami niliwaonyesha doa kwa kidole. "Ngozi haidanganyi," nilikuwa nikiwaambia, na wakaondoka wameshindwa. Nilifurahia sana kushinda. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani aliyemwogesha Kendi siku ile.

Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza na mke wangu alikwama njiani na mboga zake. Nilirudi kutoka kazini saa kumi, nikaweka karai uani, nikamvua mtoto nguo. Kwenye miundi yake kulikuwa na madoa, na mapajani, na moja kubwa kiunoni, la zambarau katikati na kijani pembeni. Niliyatazama jinsi nilivyotazama ngozi stooni. Nikamuuliza nani aliyempiga. Akasema hakuna. Nikauliza tena. Hakuna. Maji yalikuwa baridi, alikuwa akitetemeka, naye alikuwa amechoka kwa namna ambayo sikuwa na akili ya kuiona. Nikamuuliza mara ya tatu, na safari hii nikamwekea jina mdomoni: "Ni Mama Guyo?" Akanitazama. Akasema, "Ndiyo."

Nilimfunga leso, nikamshika mkono na kumpeleka mpaka mlangoni pa Mama Guyo, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichuja maziwa. Wanawake wa ploti walikuwa uani, wengine wakichambua mboga, wengine wakingoja maji. Nikamwambia mtoto, "Sema tena, wasikie." Akasema tena. Mimi nikasema mengi ambayo sitayaandika yote. Nilimwita mtu anayepiga watoto wa wenzake kama punda. Nilimwambia asimguse mwanangu tena. Mama Guyo hakuinuka. Aliweka kibuyu chini, akamtazama Kendi, hakunitazama mimi.

"Baba Kendi, huyu mtoto mgonjwa," alisema. "Wiki mbili sasa hachezi, analala tu. Nimeambia mama yake. Hii alama mimi pia nimeona, na mimi sijui imetoka wapi. Peleka yeye hospitali leo. Kunitukana utakuja kesho, mimi sihami."

Hayo ndiyo maneno yenye akili kuliko yote yaliyosemwa katika ua ule mwaka huo, na mimi niliyasikia kama ujanja wa mwenye hatia. Mke wangu aliporudi alitaka tumpeleke asubuhi yake. Nilikataa. Kumpeleka kungekuwa kumtii Mama Guyo mbele ya watu walewale niliomshtakia kwao. Sikujiambia hivyo wakati huo, nilijiambia kwamba mtoto anahitaji kupumzika na kula vizuri. Wanawake wengine wakaacha kumwachia watoto wao, na kabla ya mwezi kwisha Mama Guyo alibeba vibuyu vyake akahamia ploti nyingine upande wa pili wa mtaa. Nilimtazama akiondoka nikajiona mlinzi wa nyumba yangu.

Dada yangu alishuka kutoka Maua kutulelea mtoto. Madoa hayakukoma. Nilimtilia shaka dada yangu, nikawatilia shaka watoto wa jirani, na siku moja nikamuuliza hata mke wangu. Aliendelea kumenya viazi, na kisu kikawa kinatoa maganda mazito kuliko kawaida. Kendi alipata homa, tukanunua dawa za malaria dukani, homa ikatulia, ikarudi. Fizi zilitoka damu. Alisema miguu inamuuma ndani. Ilipita wiki moja, zikapita mbili, zikafika tano. Wiki hizo nimezihesabu maishani mwangu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Kilichonifumbua macho ni mkono wangu. Asubuhi moja ya Jumapili nilimwinua kitandani ili anywe uji. Nilimshika juu ya kiwiko, kama baba yeyote anavyomshika mtoto mwenye usingizi, wala sikuvuta. Tulipotoka kanisani alivua sweta kwa sababu ya joto, na pale mkononi palikuwa na alama nne upande mmoja na moja upande mwingine. Niliweka vidole vyangu juu yake. Vilikaa sawasawa. Mke wangu aliona. Dada yangu aliona. Nilikuwa nimetafuta mkono uliopiga kwa wiki tano, na sasa nilikuwa nao mbele yangu, na nilijua kwa hakika kwamba haukupiga. Nilimbeba Kendi mgongoni, nikatembea naye mpaka hospitalini na suti yangu ya kanisani. Daktari wa zamu alimgeuza kope, akambonyeza tumbo pale bandama ilipovimba, akatoa damu, na jioni hiyohiyo akatuandikia barua ya kwenda Nairobi.

Huko walimchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga. Daktari aliyetupa majibu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumwelekeza mtu njia. "Ni saratani ya damu," alisema. "Damu mbaya imejaa kwenye uboho, ile nzuri haina nafasi. Ndiyo maana anavilia damu hata akiguswa tu. Hakuna mtu aliyempiga, kama mlikuwa mkifikiria hivyo. Wazazi wengi hufikiria hivyo." Mke wangu hakugeuka kunitazama, na kwa hilo tu namshukuru mpaka leo. Niliuliza kama ingekuwa afadhali ningemleta mwezi uliotangulia. Daktari alifikiri kidogo. "Ingekuwa afadhali," alisema. "Lakini umemleta, na tunaanza leo."

Sasa nije kwenye mambo ninayojivunia, kwa sababu mwaka ule haukuwa wa aibu yangu peke yake. Mke wangu aliishia darasa la sita. Alikaa wodini miezi saba, akilala kwenye kiti na baadaye kwenye mkeka chini ya kitanda cha mtoto. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita na akaandika ndani yake kila dawa, siku yake na mahali ilipoingilia, mkononi, mdomoni au kwenye uti wa mgongo, kwa herufi kubwa zilizolalia upande mmoja. Nikiwa nimekuja kuwaona, nilimsikia akimwambia muuguzi, "Leo si ya mkono, sista. Leo ni ya mgongo." Muuguzi akafungua faili, akapitisha kidole. "Ni kweli, Mama Kendi," alisema, na wazazi waliokuwa kwenye benchi wakaanza kumletea karatasi zao awasomee. Mimi mwenye cheti cha kidato cha nne nilikuwa nimesimama pale na mfuko wa machungwa.

Na Kendi. Dawa moja ilimtia njaa ambayo sijaiona tena kwa binadamu. Alivimba mashavu, akawa anaamka kabla jua halijachomoza akidai nyama. Si chakula, nyama, na aitaje ni ya nini. "Ya mbuzi. Ya mbavu. Na pilipili kidogo." Mama yake alimwambia wodini hakuna mbuzi. "Baba anafanya kazi na ngozi," alisema Kendi, "sasa nyama zake zinaenda wapi?" Wodi nzima ilicheka, hata mama mmoja kutoka Kitui ambaye mtoto wake hakuwa amefumbua macho siku mbili. Nywele zilipomwisha alijipapasa kichwa na kusema kinafanana na cha mchungaji wetu. Alijua mishipa yake. Muuguzi akija na sindano, alinyoosha mkono mwenyewe: "Huu umechoka. Chukua ule." Alilia, ndiyo, alilia sana siku za mgongo. Lakini hakuwahi kuuficha mkono. Nimewaona wanaume wazima wakiukwepa ukweli mdogo kuliko sindano hiyo, na ninayemjua vizuri zaidi kati yao ni mimi.

Mimi nilikuwa nimerudi Isiolo kazini. Jambo la kwanza nililofanya ni kununua sukari na majani chai, kama tunavyofanya kwetu mtu akienda kwa mkubwa wake na maneno mazito, nikaenda kwa Mama Guyo. Alikuwa mlangoni. "Salaam aleikum, Baba Kendi. Mtoto anakula?" Ndilo swali lake la kwanza. Nikamwambia anakula. Nikamwambia ni ugonjwa wa damu. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu, akasema maneno ya dua kwa sauti ya chini. Kisha nikasukuma ule mfuko mbele na kuanza kusema kwamba nimekosa. Aliinua mkono.

"Sukari niko nayo," alisema. "Wewe ulinitukana ndani ya nyumba?"

"Hapana. Uani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya majirani."

"Watu kumi na moja. Nilihesabu. Mtu akikutukana unahesabu, hata kama hutaki. Kwetu, maneno ya mbele ya watu haiombewi msamaha nyuma ya mlango. Rudisha hao kumi na moja, ile ua, ile mahali ya maji. Mimi nitakuja. Na hii sukari pelekea mke yako, yeye ndiye anapata shida."

Nilitoka nimeudhika, siwezi kuficha. Nilimwona mwenye kiburi. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba alikuwa akinidai kile nilichomnyang'anya, si zaidi. Nikaanza kuwatafuta. Saba walikuwa bado kwenye ploti. Watatu walikuwa wamehama lakini walikuwa papo hapo mjini, na nilibisha milango yao nikieleza shida yangu huku watoto wao wakinikodolea macho. Mmoja alinifunga mlango mara ya kwanza, nikarudi. Wa kumi na moja, Mama Ekiru, Mturkana aliyekuwa akitufulia nguo, alikuwa amerudi kwao Gotu. Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Nilimkuta akichunga mbuzi wake karibu na nyumba, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akakaa chini kwa kicheko.

"Umetoka Isiolo mpaka hapa kuniambia ulikosea," alisema. "Wanaume wa huku wanakufa na makosa yao mfukoni, na sisi tunawazika nayo."

"Utakuja?"

"Nakuja. Hii siwezi kuambiwa na mtu, lazima nione na macho yangu."

Walikusanyika Jumapili baada ya kanisa. Mama Guyo alikuja na buibui safi, akasimama kando ya mfereji. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba, ikapotea yote. Nilisema kwamba mama huyu hakumpiga mtoto wangu, siku hiyo wala siku nyingine. Nilisema kwamba mtoto alikuwa na ugonjwa, na kwamba yeye ndiye aliyeuona kwanza na kutwambia, na mimi nikamwita mwongo. Nilisema kwamba kwa sababu hiyo mwanangu alikaa wiki tano bila daktari. Hapo sauti iliniishia, na hakuna aliyenisaidia, na ilifaa nisisaidiwe. Mama Guyo aliwageukia. "Mmesikia?" Wakasema wamesikia. "Basi imekwisha," alisema, na kwa pumzi hiyohiyo akaniuliza kama madaktari wanamruhusu mtoto kunywa maziwa. Nilimwambia wameruhusu, yakichemshwa. Akakunja uso kama mtu aliyeambiwa apike maua. Maziwa ya ngamia, kwa watu wake, huyachemshi. Lakini mwezi wa Oktoba, Kendi aliporudi nyumbani wiki mbili kupumzika, kila asubuhi Mama Guyo alikuja na birika la maziwa yaliyochemshwa, na nilisikia wauza maziwa wenzake wakimtania sokoni. "Mama Guyo siku hizi anapika maziwa kama Mkristo." Naye akawajibu, "Mtoto yangu akipona nitaacha. Nyinyi endeleeni kuuza."

Katika wiki hizo mbili kulikuwa na jambo nililoliona na nikalipita. Mama Guyo akiingia, Kendi alijificha nyuma ya kanga ya mama yake. Alipokea kikombe bila kuinua macho, na lile jina Ayo hakulisema tena. Nilisema ni dawa. Nilisema ni sindano zimemfanya aogope watu. Mimi niliyejisifu kwamba nasoma alama, nilisoma vibaya mara ya pili, kwa mtoto yuleyule. Nilikuwa nimewakusanya mashahidi kumi na mmoja, na wakati nikiwahesabu hakuna siku niliyokumbuka kwamba siku ile uani palikuwa na wa kumi na mbili, aliyefungwa leso, nywele zikidondosha maji, niliyemlazimisha kusema mara mbili. Nilipokuwa nikisafisha jina la Mama Guyo, yeye alikuwa wodini Nairobi. Hakuna aliyemwambia kwamba kesi imekwisha. Kabla ya Krismasi daktari alitwambia uboho umesafika, kwamba dawa zitaendelea miaka miwili zaidi lakini tunaweza kuanza kufikiria shule, na sote tulifurahi sana hata hakuna aliyemtazama mtoto kuona kama kuna kitu kingine amekibeba.

Hayo ndiyo niliyoyawaza nikiwa na chai yangu chini ya turubai. Nilitaka kumwambia Kendi pembeni, twende nyumbani tuzungumze. Kisha nikakumbuka nilivyofundishwa na marehemu. Nilisimama, goti likalalamika, nikaomba ruhusa kwa Guyo, mwanawe, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko mimi. Nikawaambia wazee waliokuwa pale niliyoyaeleza hapa. Nikasema kwamba binti yangu hakumsingizia mtu. Alikuwa na miaka mitano, yuko ndani ya maji baridi, mgonjwa, na mimi baba yake nikamwuliza mpaka akasema nilichotaka. Nikasema aliyesingizia ni mimi, na kwamba nilipaswa kumwambia miaka thelathini na moja iliyopita.

Kendi alikuwa amefunika mdomo kwa shuka. Guyo alimtazama kwa upole. "Dada, wewe ulidhani mama alikukasirikia?" alisema. "Alikuwa akisimulia hiyo siku na kucheka. Alisema yule mtoto, kwa vile alivyosikia baridi, angeulizwa kama ni daktari wa mifugo amempiga angesema ndiyo. Aliyemkasirikia ni huyu mzee hapa, na hata yeye miezi mitatu tu."

Wazee wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu hesabu ya miezi ilikuwa sahihi. Kendi hakucheka. Aliinuka, akajifunga shuka vizuri kichwani, akapita lango akaingia kwa wanawake. Nilisikia mmoja wao, pengine mgeni kutoka Garba Tulla, akimkaribisha na kumuuliza yeye ni nani kwa marehemu. Kisha nikasikia sauti ya binti yangu, ile sauti anayowaelekezea watu wa mifereji, wazi na bila haraka: "Mimi ni mtoto wake."